BEI YA JINA NA BEI YA DAWA

Mwenzetu mmoja, askari mwenye familia huko Buyenzi, alitujia hivi karibuni akiwa na karatasi mkononi na mashaka usoni. Mwanawe wa miaka minane alikuwa ameumwa na nyuki, na kabla ya robo saa kupita mwili wote ulikuwa umeumuka, sauti imekauka, na pumzi inatoka kwa taabu. Jirani yao fundi alimpakia mtoto katika gari la mteja lililokuwa likingojea kutengenezwa, akamkimbiza kwa wauguzi. Huko alichomwa sindano moja ya paja, na Mungu akamjalia uzima. Siku chache baadaye jamaa yao aliyeko Marekani akawaandikia kwamba mtoto wa namna hiyo hafai kukaa nyumbani bila kalamu ya sindano iitwayo EpiPen, na kwamba jozi moja huuzwa huko kwa mamia ya dola. Swali la mwenzetu lilikuwa fupi: je, auze cherehani ya mkewe, akope na kilichosalia, ili ainunue?

Swali hilo si lake peke yake. Latuhusu sote tuliovaa sare, kwa sababu mishahara yetu yajulikana, watoto wetu wanatutazama sisi, na kazi yetu hutupeleka mabondeni na vichakani ambako nyuki hamwulizi mtu cheo chake. Ndiyo maana tumeona yafaa tulijibu hadharani, kwa hesabu na kwa hoja, ili kila askari na kila polisi apate kujua analipia nini pindi aingiapo katika duka la dawa. Je, analipia dawa yenyewe, au analipia jina lililoandikwa juu yake?

Kwanza tuutambue ugonjwa wenyewe. Mzio, ambao wengi wetu huuita aleji, ni kosa la ulinzi wa mwili. Mwili wa binadamu una walinzi wake, na kazi yao ni kumzuia adui asiingie. Lakini kwa baadhi ya watu walinzi hao hukosea, mithili ya askari wa zamu anayemfyatulia risasi mpita njia asiye na silaha. Sumu kidogo ya nyuki, punje za karanga, samaki, yai, au hata dawa njema kama penisilini, huonekana na mwili kuwa ni jeshi zima la maadui. Hapo mwili hujimwagia kemikali zake wenyewe. Ngozi huwasha na kuvimba, mishipa ya damu hulegea, shinikizo la damu huanguka, koo hufura, na mapafu hubana. Mtu aliyekuwa akicheka aweza kuwa mahututi katika muda wa dakika chache.

Kwa hali hiyo ya hatari dawa ya kwanza ni moja tu duniani kote, nayo ni adrenalini. Hii hubana mishipa iliyolegea, huupa moyo nguvu, na hufungua njia za pumzi. Vidonge vya kutuliza mwasho na dawa za jamii ya kotisoni vina kazi yake, lakini haviwezi kushika nafasi ya adrenalini. Na anayevitegemea hivyo peke yake hupoteza dakika ambazo hazirudi. Adrenalini si dawa mpya wala si siri ya mtu. Mwanakemia Mjapani Jokichi Takamine alitangaza mwaka 1901 kwamba ameitenga, na leo hapana kampuni iwezayo kudai kwamba dawa hiyo ni mali yake. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Viwanda vingi vya nchi nyingi huitengeneza katika vichupa vidogo vya kioo, kila kichupa kikiwa na miligramu 1 ndani ya mililita 1 ya maji.

Basi kalamu hii ya bei kubwa ilitoka wapi? Yafaa askari ajue kwamba ilizaliwa katika mambo ya kijeshi. Katika miaka ya 1970, mhandisi wa Kimarekani aitwaye Sheldon Kaplan, akifanya kazi katika kampuni moja ya jimbo la Maryland, alishughulika na kifaa cha kumsaidia askari aliyeshambuliwa kwa gesi ya sumu. Askari wa namna hiyo hana nafasi ya kuvunja kichupa, kuvuta dawa na kutafuta mahali pa kuchoma, huku mikono inatetemeka na macho yanafifia. Kaplan na wenzake wakatia springi ndani ya mrija: ukiukandamiza pajani, sindano huruka yenyewe, hupenya hata nguo, na dawa huingia. Baadaye mrija huo ulitiwa adrenalini kwa ajili ya wenye mzio, na mwaka 1987 serikali ya Marekani ikaruhusu uuzwe kwa jina la EpiPen. Twakiri kwamba ni ubunifu mzuri, na umeokoa roho za watu wengi.

Lakini tuitazame bei. Mwaka 2007 kampuni iitwayo Mylan ilichukua haki za kuuza kalamu hiyo, na wakati huo jozi moja ilikuwa kama dola 100. Kufikia mwaka 2016 jozi ile ile iliandikiwa bei ya dola 608. Dawa iliyomo haikubadilika, na kipimo hakikubadilika: miligramu 0.3 kwa mtu mzima na 0.15 kwa mtoto mdogo. Waandishi wa habari wa huko walikadiria kwamba adrenalini iliyomo ndani ya kalamu thamani yake ni kama dola 1. Wazazi walipiga kelele nchi nzima, na mwezi Septemba 2016 mkuu wa kampuni hiyo, Bibi Heather Bresch, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kujieleza. Alisema kwamba kampuni imekiboresha kifaa na kuwaelimisha watu, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo huishia mikononi mwa wafanyabiashara wa kati. Huenda sehemu ya maneno hayo ni kweli. Hata hivyo wahenga walikwisha kusema: mwamba ngozi huvutia kwake.

Lililofuata ndilo somo kuu la makala yetu. Mwezi Desemba mwaka ule ule wa 2016, kampuni ile ile ilitoa sokoni kalamu ile ile, yenye dawa ile ile na springi ile ile, isipokuwa jina maarufu lilikuwa limeondolewa. Bei yake ikawa dola 300 kwa jozi. Ndugu msomaji, yapime mambo haya. Jina lilipofutwa, nusu ya bei ilitoweka. Maana yake ni kwamba mzazi aliyelipa dola 608 alikuwa ametoa zaidi ya dola 300 kwa ajili ya herufi sita zilizochapwa juu ya mrija. Mwezi Januari 2017 mtandao mmoja wa maduka ya dawa ya Marekani, CVS, ukaanza kuuza kalamu ya adrenalini ya mtengenezaji mwingine, nayo isiyo na jina kubwa, kwa dola 110 kwa jozi. Mwezi Agosti 2018 kampuni ya Teva nayo ikaruhusiwa kutengeneza kalamu ya kushindana na EpiPen.

Kuna jambo jingine ambalo hatuna budi kulitaja. Mwaka 2017 kampuni ya Mylan ilikubali kulipa dola milioni 465 ili kumaliza madai ya serikali ya Marekani, bila kukiri kosa. Madai yenyewe yalikuwa kwamba, katika mpango wa serikali wa kuwatibu maskini, kalamu hiyo ilikuwa imeandikishwa katika kundi la dawa zisizo na jina, ili kampuni iirudishie serikali punguzo dogo zaidi. Ikiwa madai hayo ni ya haki, basi bidhaa moja ilikuwa na sura mbili: mbele ya mnunuzi ni bidhaa yenye jina kubwa, na mbele ya hazina ya serikali ni bidhaa isiyo na jina.

Hizo dawa zisizo na jina kubwa ndizo ziitwazo dawa jeneriki. Wako miongoni mwetu wanaozidharau na kudhani kwamba ni dawa za watu wa chini, au kwamba zimepunguzwa nguvu. Kwao twasema: nendeni mkawaulize mafundi wa Buyenzi. Mtaa wetu ule wasifika kwa magereji tangu zamani, na kijana anayejifunza ufundi katika avenyu zake hujua mapema kwamba spea ziko za namna tatu. Iko spea iliyofungwa katika boksi lenye jina la kampuni ya gari. Iko spea iliyo sawa na hiyo, pengine imetoka katika kiwanda kile kile, lakini boksi lake ni la kawaida na bei yake ni nusu. Tena iko spea ya bandia, inayong'aa machoni, na ambayo itakuangusha katika mlima wa kwanza. Fundi hodari hamlipishi mteja bei ya boksi, wala hamfungii spea ya bandia. Yeye hutazama chuma chenyewe.

Dawa nazo ni vivyo hivyo. Iko dawa yenye jina la kampuni. Iko dawa jeneriki iliyokaguliwa na wenye mamlaka na kuonekana kwamba ina kitu kile kile kwa kipimo kile kile. Na iko dawa ya bandia au iliyokwisha muda, inayouzwa kwenye meza ya barabarani chini ya jua. Kosa la baadhi yetu ni kuichanganya ya pili na ya tatu. Mtu hukimbia dawa jeneriki iliyo halali kwa kuogopa dawa bandia, akaishia kulipa mara mbili. Na mwingine hufuata urahisi wa bei, akanunua sumu. Ondoleo la makosa yote mawili ni moja: nunua katika duka la dawa linalotambuliwa, soma jina la dawa yenyewe kabla ya jina la kampuni, soma tarehe, na omba risiti.

Sasa tufanye hesabu kama mhasibu wa kambi. Kalamu ya adrenalini haiwekwi milele. Aghalabu muda wake tangu kununuliwa ni kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu, na baada ya hapo yapasa inunuliwe nyingine, hata kama haikutumika. Tuseme hununuliwa kila baada ya miezi 18. Katika miaka 10 mzazi atanunua mara 7. Kwa bei ya dola 608 atatoa dola 4,256. Kwa bei ya dola 300 atatoa dola 2,100. Kwa bei ya dola 110 atatoa dola 770. Na je, adrenalini ya kichupa? Kichupa kimoja katika manunuzi ya kimataifa hakifikii dola 1, na bomba la sindano ni senti chache tu. Hata tukiweka dola 2 kwa vichupa viwili na mabomba yake, kwa mara 7 jumla itakuwa dola 14. Dola 4,256 kwa upande mmoja, dola 14 kwa upande mwingine, na dawa inayoingia mwilini ni adrenalini ile ile.

Tena kuna jambo ambalo hesabu hiyo hailionyeshi. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo kalamu hizi haziuzwi kabisa, ziwe za jina au zisizo na jina. Anayezitegemea hana budi kutegemea sanduku la safari la jamaa atokaye ng'ambo. Jamaa akichelewa, kalamu imechelewa. Jamaa akihama, kalamu imehama. Ulinzi wa mtoto hauwezi kuwekwa juu ya msingi wa namna hiyo.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Atakayesema kwamba kalamu na kichupa ni mamoja hajawahi kumwona mzazi aliyepigwa na bumbuazi. Kalamu ina faida yake kubwa, nayo ni muda. Mwaka 2001 madaktari wa Kanada walichapisha jaribio walilolifanya: waliwaomba watu wavute kipimo cha adrenalini cha mtoto mchanga kutoka katika kichupa, nao wakawapimia saa. Wazazi, ingawa walikuwa wameelekezwa, walitumia kwa wastani sekunde 142. Madaktari walitumia sekunde 52. Wauguzi wa kawaida walitumia sekunde 40. Wauguzi wa chumba cha dharura walitumia sekunde 29. Tena vipimo vya wazazi vilitofautiana mno. Wengine walivuta dawa kidogo mno, wengine walivuta nyingi mno. Hizo ndizo sekunde ambazo tajiri huzinunua kwa dola 608.

Lakini sisi askari tuzisome tarakimu hizo kwa jicho letu. Wazazi na wauguzi walipewa kichupa kimoja, bomba moja na dawa moja. Kilichopunguza sekunde 142 zikawa 29 hakikuwa fedha, wala springi, wala jina. Kilikuwa ni mazoezi ya kila siku. Basi ni nani katika nchi ajuaye maana ya mazoezi kuliko askari? Tangu siku ya kwanza ya ukuruta tumefundishwa kufungua bunduki na kuifunga tena hata gizani, mpaka vidole vikajua kazi yao bila kuongozwa na macho. Mtu aliyeweza kujifunza hayo ataweza pia kujifunza kuvunja kichupa, kuvuta nusu mililita, kutoa hewa na kuchoma upande wa nje wa paja. Wenye mali hununua muda kwa fedha. Sisi tutaununua kwa mazoezi.

Wala tusidhani kwamba hii ni faraja ya maskini. Katika wilaya ya King ya jimbo la Washington, yenye mji tajiri wa Seattle, wakuu wa huduma ya dharura waliona kwamba kalamu zinawamalizia fedha kila mwaka. Miaka zaidi ya kumi iliyopita waliwafundisha wahudumu wao, wakiwamo wazima moto, kutumia kichupa na bomba, wakawapa visanduku vilivyopangwa vyema na maelekezo wazi, nao wakaokoa fedha nyingi bila kuiacha kazi. Jimbo la New York nalo likaifuata njia hiyo. Hao ni watu wa sare kama sisi, katika nchi ile ile iliyobuni kalamu.

Pengine atatokea mkubwa mmoja aseme kwamba habari za nyuki ni habari za watoto. Huyo tutamkumbusha vita vya Tanga. Mwezi Novemba 1914, majeshi ya Waingereza na Wahindi yalishuka pwani ya Tanga kuwashambulia Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa chini ya von Lettow-Vorbeck. Katika mapigano yale makundi ya nyuki yaliyochokozwa kwa risasi yaliwavamia wapiganaji, yakavuruga safu, na mpaka leo kuna waandishi wanaoviita vita vile vita vya nyuki. Nyuki wa Afrika hawajapunguza ukali tangu siku hizo. Doria ipitayo penye mizinga, mlinzi asimamaye chini ya mti wenye kundi, polisi aitwaye kuwafukuza nyuki sokoni, wote wako katika hatari. Na si nyuki peke yao. Sindano ya penisilini katika zahanati, au dawa ya kupinga sumu ya nyoka ambayo askari wa porini aweza kuihitaji, hizo nazo zaweza kuamsha mzio mkali kwa mtu asiyejijua.

Kwa hiyo twatoa shauri, na twalitoa kwa wakubwa na kwa wadogo pamoja.

Kwa makamanda wa kambi na wakuu wa vituo vya polisi twasema: wekeni kisanduku cha dharura kinachojulikana na wote mahali kilipo. Ndani yake mtiwe vichupa vya adrenalini, mabomba madogo ya mililita 1, sindano zenye urefu wa kufika katika nyama ya paja, na karatasi moja yenye maelekezo kwa lugha tunayoielewa. Mmoja wa zamu akikague kila mwezi kama anavyokagua silaha, aandike tarehe, na achague wa kujibu kikikosekana kitu. Mganga wa kikosi awafundishe watu angalau wawili katika kila platuni, na mafunzo yarudiwe kwa saa mkononi, kwa kutumia maji safi na chungwa badala ya dawa na paja. Anayetumia sekunde 140 leo na afanye 60 mwezi ujao.

Karatasi hiyo ya maelekezo yapasa iwe fupi. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketishwe, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Mtu mzima apewe miligramu 0.5, yaani nusu ya kichupa, katika nyama ya paja upande wa nje. Mtoto apewe kwa uzito wake, miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi 0.5, na ni heri kipimo chake kiwe kimeandikwa mapema na daktari. Hali isipotengenea baada ya dakika 5, sindano irudiwe. Kisha apelekwe hospitali hata akisema amepona, kwa maana ugonjwa huu huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na mtu yeyote asiye daktari asithubutu kuitia dawa hii katika mshipa wa damu, kwani hapo mponyaji aweza kugeuka muuaji.

Kwa askari mwenyewe twasema: ikiwa umewahi kuvimba mwili kwa nyuki, kwa chakula au kwa sindano, usifiche. Si aibu wala si woga. Mwambie mganga, aliandike katika faili yako, na mwambie mwenzako mnayelala naye hema moja. Askari afichaye mzio wake ni kama mlinzi afichaye kwamba bunduki yake haifyatuki.

Kwa madaktari twaomba waandike jina la dawa yenyewe katika karatasi zao, ili mgonjwa awe na hiari ya kuchagua bei. Kwa wenye dhamana ya akiba ya taifa, wakiwamo wenzetu wa CAMEBU wanaonunua dawa muhimu kwa niaba ya nchi, twaomba kichupa hiki kidogo kisikosekane kamwe, kwa kuwa ukosefu wake haulingani na ukosefu wa dawa ya kikohozi. Mgonjwa wa kikohozi aweza kungoja hadi kesho. Huyu hana kesho.

Na tahadhari moja ya mwisho. Adrenalini huchukia joto na mwanga. Mji wetu wa kando ya ziwa ni mji wa joto, na kichupa kilichosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani huharibika. Kiwekwe ndani ya kisanduku, gizani, mahali pa ubaridi, wala kisigandishwe kwa barafu. Dawa iliyogeuka rangi ya hudhurungi au yenye chembe itupwe.

Sasa twarudi kwa mwenzetu wa Buyenzi. Jibu letu ni kwamba asiiuze cherehani ya mkewe. Cherehani hiyo ni chakula cha watoto wale wale anaotaka kuwalinda. Lakini asikae kimya pia na kumwachia Mungu kazi ambayo Mungu amempa yeye. Ampeleke mtoto kwa daktari, aandikiwe kipimo chake, apate vichupa na mabomba, kisha yeye na mkewe wakae mbele ya mwuguzi na chungwa mkononi mpaka wajue. Mwalimu wa mtoto aarifiwe. Jirani fundi naye afundishwe, kwa maana ameonyesha kwamba ni mwepesi wa kusaidia, na wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na ikitokea jamaa wa ng'ambo akaleta kalamu kwa hisani yake, ipokewe kwa shukrani, iwe ya jina au isiyo na jina, na itumike kwa kufuata maelekezo yake. Ila vichupa visitupwe, maana kalamu ile itakwisha muda wake.

Mwenzetu alituuliza kama baba maskini huweza kumlinda mwanawe sawasawa na baba tajiri. Sisi hatuwezi kumwahidi sekunde za springi. Twaweza kumwahidi jambo moja: kwamba dawa iliyomwokoa mwanawe siku ile ilikuwa haina jina kubwa, ilitoka katika kichupa cha senti chache, na ilitiwa na mkono uliokwisha kujifunza. Mkono huo na uwe wake.